Fundi wa Maji ya Magotini

Mwezi wa Aprili barafu ya Ziwa Opinicon huvunjika, na kwa wiki kadhaa baada ya hapo huoni kinachoendelea. Maji bado ni ya baridi kali, miti ya ukingoni haijachipua, na samaki wamejituliza kwenye kina. Ikifika Mei, jua huanza kuvipasha vile vighuba vidogo vya pembezoni, na siku maji yake yanapofika nyuzi 15 hivi za Selsiasi, besi dume huanza kutoka huko chini mmoja mmoja, wakisogelea ukingo kutafuta kiwanja.

Opinicon iko kusini mashariki mwa jimbo la Ontario, Kanada, katika mlolongo wa maziwa yaliyounganishwa na mfereji wa Rideau, uliofunguliwa mwaka 1832. Si ziwa kubwa, wala halina kina cha kutisha. Lina magogo mengi yaliyozama, lina yungiyungi, na lina majani ya majini yanayosimama kuanzia chini hadi juu. Chuo Kikuu cha Queen's kina kituo cha utafiti wa viumbe kando yake tangu miaka ya 1940, na ndiyo sababu samaki wa hapa wanajulikana kuliko wenzao wa maziwa mengi. Kila majira ya kuchipua watu huvaa miwani ya kuzamia, hulala kifudifudi juu ya maji, na kuhesabu viota kimoja kimoja.

Besi ninayemzungumzia ni yule wa mdomo mkubwa. Kwa miaka mingi wataalamu walimwita Micropterus salmoides, hadi mwaka 2022 ulinganisho wa vinasaba ulipoonyesha kwamba jina hilo ni haki ya nduguye wa Florida, na huyu wa kaskazini akarudishiwa jina lake jingine la zamani, Micropterus nigricans. Yeye mwenyewe hakubadilika. Mgongo ni wa kijani kilichokolea, tumbo jeupe, na ubavuni ana mstari mweusi uliokatikakatika kutoka kichwani hadi kwenye shina la mkia. Akifunga mdomo, ncha ya taya la juu hupita nyuma ya jicho. Hiyo ndiyo alama wavuvi wanayomtofautishia na besi wa mdomo mdogo, anayeishi ziwa hilohilo lakini akapendelea mawe na maji yaliyochangamka. Wote wawili ni wa ukoo wa samaki-jua, ukoo ambao kwa asili haupatikani popote duniani isipokuwa Amerika Kaskazini. Nyumbani kwa huyu wa mdomo mkubwa ni maji yaliyotulia: maziwa yenye majani, vinamasi, na mikono ya mito iliyopooza, kuanzia Maziwa Makuu na mto St. Lawrence, kuteremka na bonde lote la Mississippi, hadi kaskazini mwa Meksiko.

Wanaomsifu humsifu kwa mapambano. Akishanaswa huruka nje ya maji, hutikisa kichwa, huvuta kuelekea kwenye magogo ili mshipi ukatike. Yapo mashindano ya kumvua yenye zawadi za fedha nyingi, na wapo wanaume wazima wanaolipwa mshahara kwa kazi hiyo tu. Sina ugomvi nao. Lakini naona kwamba kazi kubwa ya samaki huyu ni ile anayoifanya kimya kimya kwa mwezi mmoja na zaidi, katika maji ambayo mara nyingi mtu akiingia hayamfiki kiunoni.

Kwanza kiwanja. Dume haanzi kazi popote. Hupita polepole sambamba na ukingo, husimama, hushuka hadi tumbo likaribie kugusa chini, huinuka, husogea mbele. Anataka maji ya nusu mita hadi mita moja na nusu, mahali ambapo mawimbi hayapigi na jua linafika chini. Anapenda pia kuwa na kitu pembeni: gogo, shina la mti ulioangukia majini, jiwe kubwa, au kishina cha yungiyungi. Mwenye ukuta upande mmoja ana upande mmoja pungufu wa kulinda. Halafu kuna suala la majirani. Madume wawili wanaoonana hawapatani, ila penye gogo la kuwakinga macho hukubali kujenga karibu karibu. Ghuba iliyo wazi haiwezi kubeba viota vingi kama ghuba iliyojaa miti iliyoanguka, hata kama ukubwa ni ule ule.

Kisha hufagia. Hujiinamisha mkia ukiwa chini, akaupiga kwa nguvu kwenye tope, mapigo mafupi yanayofuatana, huku akijizungusha taratibu kwenye nukta moja. Tope huinuka na kumficha. Yeye husogea pembeni, hungoja mkondo mdogo wa maji ulichukue wingu lile, kisha hurudi na kuangalia alipofikia. Jani lililogoma kuondoka hulichukua kwa mdomo na kwenda kulitema nje ya duara. Kijiti kadhalika. Kikokoto kilichokaa vibaya hukisukuma kwa pua. Hupiga tena, hungoja tena. Kazi hii huweza kumchukua kutwa nzima au zaidi, na mwisho wake ni duara lenye kipenyo cha kama mara mbili ya urefu wa mwili wake, limechimbika kidogo katikati na kuinuka pembeni kama ungo. Ukitazama kutoka juu ya mtumbwi, utaliona limeng'aa katikati ya giza la tope. Utaona pia, maji yakiwa matulivu, kwamba ncha ya chini ya mkia wa fundi imechubuka.

Penye changarawe kazi yake ni kuziosha hadi kila punje ionekane. Lakini maziwa mengi ya besi hayana changarawe ya kutosha, na hapo ndipo ninapomvulia kofia. Mahali ambapo chini ni tope tupu, hapotezi muda kutafuta mawe. Hulipeperusha tope hadi afikie mizizi ya majani ya majini, akaiacha imelala wazi, safi, imesukanasukana. Mayai yatanata kwenye mizizi badala ya mawe. Muhimu ni kwamba yasilale kwenye tope, maana yai la samaki hupumua kupitia ganda lake, na tope likilifunika hufa. Yai lililokufa huota ukungu, na ukungu huhamia kwa jirani yake. Usafi wa kiota, kwa hiyo, haufanywi kwa kumpendeza jike peke yake.

Jike huja kiwanja kikiwa tayari. Mara nyingi ni mkubwa kuliko dume na tumbo limejaa. Huzunguka pamoja juu ya kiota, dume akimgusagusa ubavuni kwa pua, hadi wote wawili wanapojilaza kidogo upande na kutetemeka. Mayai hutoka, mbegu za dume hutoka, na mayai huzama na kunata palepale. Ni ya manjano hafifu, kila moja milimita moja na nusu hivi, na kiota kimoja huweza kuwa na maelfu. Vipimo vya vinasaba vimeonyesha kwamba katika viota vingi wana wote ni wa baba mmoja na mama mmoja. Shughuli ikiisha, jike huondoka.

Msomaji wa Mwanza au Kisumu ataniambia kwamba hata sato dume huchimba kiota. Ni kweli, na huchimba vizuri. Lakini sato jike huyakusanya mayai kinywani akaenda kuyalea mwenyewe, na kiota kazi yake imekwisha. Kwa besi mambo ni kinyume. Siku ya kutaga ndiyo siku kazi ya dume inapoanza hasa.

Husimama juu ya mayai na kupepea. Mapezi ya kifuani huenda mbele na nyuma bila kupumzika, mkia nao ukisaidia, ili maji mapya yenye hewa yapite juu ya mayai na takataka ndogo zisipate pa kutua. Maji yakiwa na joto mayai huanguliwa kwa siku 2 au 3, yakiwa ya baridi huchukua zaidi. Vinavyotoka havifanani na samaki. Ni vijiuzi vyenye kifuko cha kiini, haviwezi kuogelea, hulala katikati ya changarawe au mizizi kwa wiki nzima au zaidi huku vikila akiba ile vilivyozaliwa nayo. Muda wote huo baba yupo. Watafiti waliwahi kuwawekea madume wa Opinicon vyombo vidogo mwilini, vinavyotuma ishara kila misuli inapofanya kazi, na ishara hizo zilionyesha kwamba ulinzi ni wa mchana na usiku.

Hali chakula cha maana katika kipindi hiki. Haendi kuwinda, na akila ni kile kilichojipitisha mbele yake. Ikumbukwe anatoka kwenye majira ya baridi ya miezi mingi chini ya barafu, ambayo nayo hayakuwa ya kula sana. Anachokitumia ni mafuta aliyojiwekea tangu mwaka uliopita. Hukonda. Mwenye mwili mdogo na akiba haba huweza kushindwa kabla vifaranga havijaweza kujitegemea.

Maadui wake wakubwa ni ndugu zake. Samaki-jua wadogo, wale bapa wenye rangi za kupendeza, huzunguka kiota kwa makundi wakisubiri nafasi. Mmoja hana ubavu wa kupambana na besi, na hahitaji. Akikimbizwa wa kulia, wa kushoto anaingia. Hapa tunauona ufundi wa aina nyingine, ambao kwangu ni mgumu kuliko wa kufagia: kujua hasira iishie wapi. Mlinzi hodari hamfukuzi mtu mbali. Hutoka kwa kasi hatua moja au mbili, hufungua mdomo, hutanua matamvua, halafu hugeuka hapohapo na kurudi juu ya mayai kabla wengine hawajapiga hesabu. Anayejisahau akamfuata adui hadi kwenye majani, akirudi atakuta sehemu ya kiota imekwisha kuliwa.

Na anajua kilicho mikononi mwake, kama samaki angekuwa na mikono. Mwenye mayai mengi hupigana kwa ukali zaidi kuliko mwenye machache. Mwenye vifaranga vilivyokaribia kuogelea hupigana zaidi kuliko mwenye mayai ya jana. Kiota kikiliwa sana, huweza kukiacha akaenda zake, maana bado kuna mwaka ujao. Tusimpambe kwa upendo wa kibinadamu. Ila hesabu yake ni nzuri, na amekuwa akiipiga kabla ya sisi kuwako.

Kuna jambo moja linalonichekesha. Kisamaki kimoja cha rangi ya dhahabu, ambacho kwa siku za kawaida ni chakula cha besi, kina tabia ya kuja kutaga katika kiota cha besi. Watafiti walilishuhudia hilo katika ziwa moja la Minnesota na kuliandika mwaka 1960. Mlinzi akiwa kazini, mayai ya mgeni hupepewa na kulindwa pamoja na yake. Ukitaka ulinzi wa bure, nenda kwa askari mkali.

Asubuhi moja vifaranga huinuka. Kiini kimekwisha, kila kimoja kimepata uwezo wa kuogelea, na kundi zima huelea juu ya kiota. Baada ya siku chache huanza kusafiri kandokando ya ukingo, likila vijidudu vya majini, na baba akilizunguka. Kadiri vinavyokua ndivyo kundi linavyotawanyika na kazi yake kuwa ngumu, kwa sababu sasa hana duara la kulinda tena, ana wingu linalotembea. Huendelea hivyo wiki kadhaa, mpaka vifaranga vinapokaribia sentimita 3. Kisha siku moja huondoka. Akikutana na mmoja wao baadaye katika majani, anaweza kummeza bila kusita, kwani besi hula besi.

Mdomo huo unastahili maelezo. Wengi hudhani besi huuma. Kwa kawaida humeza maji: hufungua kinywa kwa ghafla na kutanua koo, maji hukimbilia ndani, na mawindo huja nayo. Yote huisha katika sehemu ndogo ya sekunde. Swali lilikuwa nguvu hiyo inatoka wapi, maana misuli ya kichwani ni midogo mno. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown walimpiga besi picha za eksirei za kasi alipokuwa akila, na mwaka 2015 wakatoa jibu: nguvu hiyo, hadi asilimia 95 yake, hutoka kwenye misuli ya ubavu na mgongo, ileile ya kuogelea. Samaki mzima ni mdomo. Ile minofu minene mtu anayoifurahia kwenye sahani ndiyo mashine ya kufungulia taya.

Ndiyo maana anahitaji mahali pa kujificha. Mashine ya namna hiyo haifanyi kazi kwa umbali; lazima mawindo yafike karibu. Hivyo husimama kando ya gogo, kivulini, ule mstari wa ubavu ukimvunja umbo lake katikati ya vijiti, akangoja. Kule Wisconsin kuna ziwa dogo liitwalo Little Rock, ambalo liligawanywa nusu kwa pazia. Mwaka 2002 watafiti waliondoa sehemu kubwa ya miti iliyozama katika nusu moja na kuiacha nusu ya pili ilivyokuwa. Upande uliosafishwa, samaki wadogo waliokuwa wakijificha kwenye matawi walipungua hadi karibu kwisha. Besi wakabaki wakila wadudu walioanguka kutoka nchi kavu, na ukuaji wao ukadorora. Wenye nyumba za mapumziko katika maziwa yale hupenda ukingo uliofagiwa, usio na mti ulioanguka wala majani, na huona wameupamba. Besi hufagia duara la chini ya mita moja, na anachokitoa ni tope. Gogo hulibakiza.

Sasa tuje kwenye ndoano.

Mvuvi akitupa chambo bandia katikati ya kiota, dume atakidaka. Watu wengi husema ana njaa, au ni mjinga. Nimeeleza kwamba haendi kuwinda katika kipindi hiki. Anachokiona ni kitu kigeni kimeingia kwenye duara, na kitu kigeni hutolewa nje kwa mdomo, uleule uliotoa majani na vijiti. Hana namna nyingine ya kushika. Kazi yake ya ulinzi na kunaswa kwake ni tendo moja. (Wauza vyambo wanaoapa kwa rangi hii au ile wajue kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois walichapisha mwaka 2019 uchunguzi wa macho ya besi: nyekundu na kijani anazitambua vizuri, lakini nyeusi na buluu humchanganya, na manjano-kijani anaichanganya na nyeupe. Sehemu ya zile rangi za dukani zimepakwa kwa ajili ya jicho la mnunuzi.)

Anapovutwa kuelekea mtumbwini, wale samaki-jua wadogo hawangoji. Ndani ya dakika chache wako ndani ya kiota wakila. Mvuvi mwema atampiga picha, atamsifu, atamrudisha majini, na ataondoka akiamini hakuna aliyedhurika. Dume akirudi hukuta kilichobaki, na kilichobaki kikiwa kidogo hupiga ile hesabu yake na kuacha. Kadiri alivyokaa nje ya maji au alivyochoshwa ndivyo anavyochelewa kurudi, na ndivyo uwezekano wa kukitelekeza kiota unavyoongezeka. Anayewekwa kwenye tangi la boti na kupelekwa kwenye mizani ya mashindano upande wa pili wa ziwa, huyo kiota chake ni cha wengine.

Haya peke yake yangetosha kumtia mtu huruma. Lakini kuna jambo zito zaidi, na lilianzia Ridge Lake, bwawa dogo katika jimbo la Illinois, mwaka 1975. Kila besi aliyevuliwa hapo alipimwa, akawekwa alama, akarudishwa. Kumbukumbu za miaka 4 zilionyesha kwamba samaki hawako sawa: mmoja alinaswa mara 16 katika mwaka mmoja. Bwawa lilipokaushwa walikusanywa besi zaidi ya 1,700, na takriban 200 kati yao hawakuwa wamenaswa hata mara moja, ingawa walikuwemo muda wote. Watafiti wakachukua wale wenye kunaswa upesi wakawazalisha wao kwa wao, na wale wagumu kunaswa vivyo hivyo, kwa vizazi 3. Tofauti kati ya koo hizo mbili ikawa inaongezeka kila kizazi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Maana yake ni kwamba wepesi wa kunaswa hurithiwa.

Mwaka 2012 ukafuata uchunguzi wa pili, uliowatazama madume wa koo hizo kama wazazi. Wale wepesi wa kunaswa walikuwa walinzi wakali zaidi, waliangalia viota vyao kwa bidii zaidi, na walipata watoto wengi zaidi. Wale wagumu kunaswa walikuwa wazembe. Ukilifikiria kidogo utaona haikuwa rahisi iwe vingine. Baba anayeshambulia kila kinachoingia atashambulia na chambo. Baba anayekiangalia chambo kikipita bila kujali, atawaangalia na samaki-jua wakipita. Ndoano, ikitupwa kwenye viota mwaka baada ya mwaka, humchagua fundi bora na kumwacha mvivu azae. Wavuvi wa maziwa mengi hulalamika kwamba besi wa siku hizi hawashiki chambo kama wa zamani, wakasema samaki wamejanjaruka. Nadhani wanachokiona ni mwanzo wa ziwa lililobakiwa na akina baba goigoi.

Ontario hulijua hili kwa kiasi. Msimu wa besi katika eneo la Opinicon hufungwa majira ya kutaga na kufunguliwa nusu ya pili ya Juni, na katika ziwa lenyewe zipo ghuba zilizotengwa kuwa hifadhi ya viota. Bado, mwaka ambao maji yalichelewa kupata joto, msimu hufunguliwa madume wengi wakiwa bado na vifaranga, na wazamiaji huona viotani madume wenye makovu mapya ya ndoano kabla hata tarehe haijafika. Majimbo mengi ya Marekani hayana hata hilo katazo. Huruhusu uvuvi mwaka mzima na kutegemea kwamba samaki atarudishwa majini. Kwa hoja nilizotaja, naona hilo ni kosa katika maziwa ya kaskazini, ambako majira ya kutaga ni mafupi na hayarudii.

Ni haki niseme pia kwamba sifa hizi zote ni za samaki aliye kwao. Mwishoni mwa miaka ya 1920 besi huyu aliletwa Ziwa Naivasha, Kenya, ili wazungu wapate mchezo wa kuvua. Ziwa lile halikuwa na mwindaji wa namna yake. Lilikuwa na kisamaki kimoja cha asili, kidogo sana, ambacho hakijaonekana tena tangu mwaka 1962, na besi ndiye mshukiwa mkuu. Mwaka 1970 wakaletwa kamba wa maji baridi kutoka Louisiana, ambao huko kwao ni chakula cha kawaida cha besi, na Naivasha nako akawala. Ameishi hapo karibu karne nzima na amewalisha watu. Ulinzi uleule wa kiota unaopendeza Ontario ndio uliomwezesha kuenea katika nchi kadhaa ambazo hazikumhitaji, hata akaingizwa kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani.

Waswahili tuliotapakaa Ottawa, Toronto na Minneapolis sasa tunakata leseni za uvuvi kama wengine, na wikendi ya kwanza ya joto utatukuta ukingoni na watoto na sufuria. Ombi langu ni dogo. Mkiona kwenye maji ya magotini duara la rangi nyepesi, na samaki mmoja amesimama juu yake ambaye hakimbii hata mtumbwi ukimkaribia, msitupe kitu hapo. Mwonyesheni mtoto, kisha geuzeni mtumbwi. Kama msimu umefunguliwa nendeni kwenye kina, ambako majike wamekwisha rudi, na hao hawana kiota cha kulinda.